Usiku wa Kwanza: Ilani ya Wanaokesha na Watoto Baada ya Upasuaji wa Koo

"Ni operesheni ndogo tu, mama. Kesho anakula aiskrimu."

Maneno hayo yamepita masikioni mwa kila aliyetia saini ilani hii. Wengine wetu tuliambiwa tukiwa wazazi, kwenye benchi la kliniki ya pua, koo na masikio, mtoto kalala mapajani mdomo wazi. Wengine tuliyatamka wenyewe tukiwa ndani ya sare, kwa nia njema kabisa, kumtuliza mama aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu ni muuguzi wa wodi ya watoto, na nimeyasema mara nyingi mno. Leo tunayafuta.

Kutoa mafindofindo ni operesheni fupi. Daktari mzoefu huimaliza kwa dakika 30 au 40, na mtoto hutoka thieta bila bandeji wala mshono wa kuonekana. Ndiyo maana watu huiona ndogo. Lakini jeraha linaachwa wazi ndani ya koo, pale pale hewa inapopita, kwa mtoto ambaye mara nyingi aliletwa hospitali kwa sababu hewa ilikuwa haipiti. Kisha anapelekwa wodini, taa zinapunguzwa, usiku unaingia.

Harakati yetu imezaliwa kwa ajili ya saa hizo, tangu mtoto anapotoka thieta hadi kunapokucha. Tunasema kwamba upasuaji wa koo la mtoto haujaisha mpaka usiku wa kwanza uishe, na kwamba kila mtoto anayepitia upasuaji huo ana haki ya mtu aliye macho kwa ajili yake.

Kuna usiku mmoja ulionifikisha hapa. Hospitali siitaji. Mtoto alikuwa wa kike, miaka minne, kilo 14. Aliwekwa wa mwisho kwenye orodha ya thieta siku ile, akafika wodini saa kumi na moja jioni. Usiku huo nilikuwa na watoto 31 na msaidizi mmoja. Saa saba na nusu mama yake alinijia mezani, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Sista, mwanangu anamezameza." Nikamuuliza kama analia. "Halii. Amelala. Ila anameza." Kitanda cha pili kutoka mlangoni kulikuwa na mtoto wa degedege ambaye nilikuwa nikimtafutia mshipa. Nikamwambia, "Ni mate tu, mama, koo linamuuma. Nakuja."

Nilifika baada ya dakika 40. Nikamfungua mdomo kwa kijiko, nikamulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya ulimi kulikuwa na bonge jeusi linalong'aa, na ubavuni mwake uzi mwembamba wa damu nyekundu ukishuka. Mtoto alikuwa anameza damu yake mwenyewe. Nilipomwinua akatapika ndani ya beseni la bluu, lile mama yake alilokuja nalo la kufulia, damu nzito ya rangi ya makapi ya kahawa kisha nyekundu juu yake. Mapigo ya moyo yalikuwa 168 kwa dakika.

Mtoto ana damu ya kiasi cha mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake. Yule wa kilo 14 alikuwa na lita moja na kidogo mwili mzima, yaani chupa tatu na nusu za soda. Moja ilikuwa tayari ndani ya beseni.

Alipona. Alipona kwa sababu daktari wa koo aliishi kwenye nyumba za watumishi nyuma ya hospitali na simu yake ilikuwa na chaji. Kwa sababu benki ya damu ilikuwa na chupa moja ya kundi lake. Na kwa sababu mtaalamu wa usingizi ndiyo kwanza alikuwa anamaliza upasuaji wa mama mjamzito na hajaondoka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopangwa kwa ajili yake. Mmoja wa wazazi walioanzisha harakati hii pamoja nami alikuwa na mtoto katika hospitali nyingine, mkoa mwingine, usiku unaofanana na huo, na katika sababu hizo tatu yeye alipata moja tu. Yaliyobaki ni yake kuyasimulia, siku atakayotaka.

Wazazi wana haki ya kuelezwa kinachotokea ndani ya mwili wa mtoto wao, kwa lugha wanayoiota ndoto. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala shingo imepinda nyuma, anayeloa jasho usingizini na kuamka mchovu kana kwamba hakulala, mara nyingi njia yake ya hewa imezibwa na mafindofindo makubwa na zile nyama za pua. Akilala, misuli ya koo inalegea, njia inafunga, pumzi inakatika. Ubongo unastuka. Mtoto anavuta hewa kwa kishindo, anageuka, analala tena. Katika hali mbaya hilo hutokea zaidi ya mara 10 kwa saa, miezi na miezi. Mwili unazoea. Ubongo unazoea kulala na hewa chafu iliyopanda, na moyo, upande wa kulia, unajichosha kusukuma damu kwenye mapafu ambayo mishipa yake imekaza.

Halafu siku moja anapasuliwa, na sisi sote tunadhani kizuizi kimeondoka. Usiku wa kwanza hakijaondoka. Mahali palipokuwa na findo sasa pana uvimbe wa jeraha, na damu, na ute. Dawa ya usingizi haijatoka yote mwilini. Na ile kengele iliyokuwa ikimstua kila pumzi inapokatika sasa imefunikwa na dawa ya maumivu. Kwa wachache, njia iliyobana kwa muda mrefu ikifunguliwa ghafla, maji hujaa mapafuni. Anayemtazama kutoka mlangoni anaona mtoto ametulia, kwa mara ya kwanza hakoromi. Ukimya huo umetudanganya wengi, na mimi nikiwemo.

Hatupingi upasuaji. Tuseme hilo kwa sauti, kwa sababu kuna watakaotusoma vibaya. Tumewaona watoto wakirudi kliniki baada ya miezi mitatu wameongezeka kilo, wanasikiliza darasani, wanalala kama watoto. Tunawaheshimu madaktari wanaoifanya kazi hii kwa vifaa vichache. Tunachokataa ni kwamba kazi nzuri ya mchana iachwe yatima usiku.

Hatari hii imepimwa. Mwaka 2022 jarida la JAMA lilichapisha hesabu ya zaidi ya watoto na vijana nusu milioni waliotolewa mafindofindo katika majimbo matano ya Marekani kati ya 2005 na 2017. Waliofariki walikuwa 7 kwa kila 100,000. Ukisimama hapo, utasema kweli ni ndogo. Lakini kwa wale waliokuwa na magonjwa mazito ya kudumu, idadi ilikuwa 117 kwa kila 100,000. Hao hawakufika hata 3 kati ya kila 100 waliopasuliwa, lakini walikuwa 44 kati ya kila 100 waliofariki. Upasuaji ni ule ule. Kilichotofautiana ni mtoto aliyelala juu ya meza. Na hizo ni hospitali zenye umeme usiokatika. Huku kwetu, utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024, uliofuatilia zaidi ya watoto 8,600 waliofanyiwa upasuaji wa kila aina katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika, ulikuta karibu watoto 18 kati ya kila 100 walipata tatizo baada ya upasuaji, na zaidi ya 2 kati ya kila 100 walifariki kabla ya kurudi nyumbani.

Ndani ya takwimu hizo za JAMA kuna habari njema ambayo ndiyo msingi wa madai yetu: watoto walio hatarini wanajulikana kabla. Hawatutokei gizani. Mwongozo wa chuo cha madaktari wa pua, koo na masikio wa Marekani, uliohuishwa mwaka 2019, unataka mtoto aliye chini ya miaka 3 alazwe na kuangaliwa usiku kucha, na vivyo hivyo yule ambaye pumzi yake hukatika mara 10 au zaidi kwa saa, au ambaye oksijeni yake hushuka chini ya asilimia 80 usingizini. Hapo ongeza mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Mwenye tundu la moyo. Mwenye udhaifu wa misuli. Mnene kupita kiasi, au aliyekonda kwa utapiamlo. Ongeza aliyeingia thieta na mafua ambayo mzazi aliogopa kuyataja asije akapoteza foleni.

Na hapa kwetu lazima tumtaje mtoto wa selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Tanzania peke yake watoto kama 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Mafindofindo yao mara nyingi ni makubwa, kwa hiyo wanakuja kupasuliwa. Kwao oksijeni ikishuka kidogo, au wakikosa maji nusu siku kwa sababu koo linauma na hawataki kumeza, chembe za damu zinapinda na kuziba mishipa. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa aandaliwe siku kadhaa kabla, damu yake ipimwe na iongezwe ikibidi, awe na dripu tangu alfajiri ya siku ya upasuaji, apate joto, na alale mahali ambapo mtu atamwangalia. Kumchanganya na wengine kwa sababu karatasi zao zinafanana ni kosa tusilolikubali tena.

Basi tunadai kwamba kabla ya mtoto yeyote kupewa tarehe ya thieta, aulizwe na apimwe usingizi wake. Najua mashine za maabara ya usingizi ni chache mno katika nchi zetu. Hatuzisubiri. Mzazi ana simu. Amvue mtoto nguo za juu, awashe taa, arekodi dakika tatu za ule usingizi mbaya kabisa, kifua kionekane kinavyobonyea, alete video kliniki. Na kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho kanuni yake mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani aliibuni katika miaka ya 1970, kikifungwa kwenye kidole cha mtoto usiku mmoja kikiandika, kinatosha kuwatenga walio hatarini zaidi. Huko Montreal madaktari walitengeneza zaidi ya miaka 20 iliyopita namna ya kusoma usiku huo mmoja na kumpa mtoto alama. Ambaye oksijeni yake inatumbukia chini ya 80 tena na tena hapaswi kuonekana na mtu yeyote kama mgonjwa wa kwenda na kurudi.

Aliye hatarini apasuliwe wa kwanza asubuhi. Hili halina gharama hata ya shilingi moja, na kila mara ninapolisema kwenye vikao watu wanatikisa kichwa kwa kukubali, kisha orodha inatoka na mtoto wa kilo 11 yuko namba sita. Akiwa wa kwanza, saa zake ngumu za mwanzo zinaangukia mchana, daktari akiwa jengoni na maabara ikiwa wazi.

Nije kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, kwa sababu ndicho kinachotutenganisha na baadhi ya marafiki zetu. Wapo wanaotaka harakati hii idai jambo moja tu: kitanda cha ICU ya watoto kwa kila hospitali ya rufaa. Tunakidai. Mtoto ambaye usingizi wake umeharibika kabisa, mwenye moyo uliochoka au misuli iliyolegea, yule ambaye tunajua tangu wiki iliyopita kwamba atahitaji mashine ya kusukuma hewa puani au hata mpira kooni, asiingie thieta mpaka kitanda chake kiwe kimeshatandikwa na kimewekewa jina lake. Kama hospitali haina, apelekwe yenye nacho kabla ya kisu. Kumsafirisha kwa gari la wagonjwa usiku wa manane huku anatoka damu si rufaa.

Lakini hatutasema uongo kuhusu hali ilivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 55 vya ICU katika nchi nzima ya Uganda, vya watu wazima na watoto. Mwaka 2025 Lancet ilitoa matokeo ya hospitali 180 za nchi 22 za Afrika: mgonjwa mmoja kati ya kila watu wazima wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Zaidi ya nusu walikosa huduma za msingi kabisa, oksijeni na maji ya mshipani na kulazwa vizuri ili njia ya hewa ibaki wazi. Kwa hiyo mtoto wetu wa koo, akizidiwa, kwa uwezekano mkubwa atazidiwa mbele ya muuguzi wa wodi mwenye tochi ya simu. Harakati inayodai ICU peke yake inamwacha muuguzi huyo na mtoto huyo peke yao kwa miaka mingine 20.

Ndiyo maana tunashikilia wazo ambalo watafiti na wauguzi wa hapa Tanzania wamechangia sana kulijenga, kwamba huduma ya mahututi inaanza na mambo machache yasiyo ghali yanayoweza kufanyika kitandani popote. Mwaka 2021 wataalamu kutoka pande zote za dunia walikubaliana juu ya vitendo 40 vya aina hiyo. Havihitaji jengo jipya. Vinahitaji mtu, vifaa vichache, na ruhusa ya kutenda.

Kwa mtoto aliyetolewa mafindofindo vitendo hivyo tunavijua kwa majina. Alazwe kwa ubavu. Mashine ya kufyonzea iwe kando ya kitanda, imejaribiwa jioni ile na imefanya kazi, isiwe ile iliyoandikwa kwenye daftari la vifaa. Oksijeni iwepo na funguo ya mtungi ining'inie kwenye mtungi. (Nimewahi kukimbia wodi tatu nikitafuta funguo.) Mshipa uliowekwa thieta usitolewe hadi asubuhi. Kundi la damu lijulikane kabla ya kisu. Mapigo ya moyo na pumzi vihesabiwe kila saa na kuandikwa, kwa sababu mtoto anayevuja damu huushikilia mwili wake kwa nguvu zote: moyo unakimbia, miguu inapoa, lakini presha inabaki nzuri hadi dakika za mwisho, kisha inaanguka yote kwa pamoja. Anayesubiri presha ishuke amechelewa. Na kila baada ya muda mtu ainame atazame koo la mtoto: je, anameza? Kumezameza usingizini ni damu hadi ithibitike vinginevyo. Sentensi hiyo tunataka ibandikwe kwenye kila wodi.

Kipima oksijeni kikae kidoleni usiku kucha, si dakika moja ya kupita. Lakini tukijue kinavyokosea. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba vipimo hivyo hushindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Watoto wetu ni weusi. Kikisema 92, tusibishane nacho kwa kutumaini. Tumwamini mtoto aliye mbele yetu na tuchukulie kwamba hali inaweza kuwa chini ya hapo. Pia mtoto aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha 98 huku pumzi zake zikipungua hadi nane kwa dakika. Kioo hakihesabu kifua. Jicho ndilo linalohesabu.

Kuhusu dawa za maumivu hatuna subira. Mwaka 2009 madaktari wa Kanada waliandika habari za mtoto wa miaka miwili, mzima wa afya isipokuwa kukoroma na mafindofindo, aliyefanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani, akapewa kodeini kwa kipimo alichoandikiwa, akafariki siku ya pili. Mwili wake ulikuwa na vinasaba vinavyogeuza kodeini kuwa mofini haraka kupita kawaida. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa watoto baada ya upasuaji huu, na mwaka 2017 ikaongeza tramadoli. Sasa msomaji wa Afrika Mashariki asikie hili: vinasaba hivyo ni adimu kaskazini mwa Ulaya, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulivikuta kwa watu 29 kati ya kila 100 waliopimwa Ethiopia. Marufuku iliandikwa mbali, lakini walio katika hatari kubwa ni majirani zetu na, kwa sehemu, sisi wenyewe. Isitoshe, mtoto aliyekuwa akikosa oksijeni kila usiku huhitaji karibu nusu tu ya mofini anayohitaji mwenzake. Tunadai kodeini na tramadoli ziondoke kwenye karatasi za dawa za watoto hawa. Parasetamoli na ibuprofeni kwa saa zake, bila kusubiri mtoto alie, zinawatosha wengi; mofini ikihitajika, iwe kidogo na mtu awe kando.

Kisha kuna usiku mwingine ambao hatuuoni kwa sababu mtoto ameshaondoka. Kati ya siku ya tano na ya kumi, utando mweupe unaofunika jeraha hubanduka, na damu inaweza kuanza upya. Siku hiyo mtoto yuko kwa bibi yake, saa sita kwa basi na nusu saa kwa bodaboda kutoka thieta iliyo karibu. Tumezoea kuwajengea akina mama wajawazito wa mbali nyumba za kusubiria karibu na hospitali. Tunataka mtoto wa koo anayetoka mbali apate kona katika nyumba za namna hiyo, au angalau mzazi aelezwe kabla ya kuamua tarehe, ajipange kukaa kwa ndugu mjini siku 10. Na aondoke na karatasi ya Kiswahili, yenye namba ya simu inayopokelewa usiku, inayosema wazi: akitema damu hata kijiko kimoja, njoo, usisubiri kukuche, usimpe maziwa kwanza uone.

Najua pia kwamba baadhi ya watoto wanatufikia wakiwa wameshapita kwa mkata vimeo. Kimeo si findo. Ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na kukikata hakuponyi kikohozi wala kukoroma. Lakini mama aliyempeleka mwanawe huko alikwenda kwa sababu mtoto alikuwa anakosa hewa na hakuna aliyemsikiliza. Harakati hii haitamkaripia mbele ya watu. Tutamuuliza lini, tutapima wingi wa damu ya mtoto, tutaendelea.

Nani atalipa? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunataka kitita cha upasuaji huu kihesabu usiku wa uangalizi kama sehemu ya operesheni, kama vile uzi na dawa ya usingizi vinavyohesabiwa, ili hospitali isipate hasara kwa kumlaza mtoto na familia isiombwe kuchagua kati ya kitanda na nauli. Na tunataka muuguzi wa zamu ya usiku mwenye watoto hawa asiwe na zaidi ya wanne wa namna hiyo, na awe na haki ya kumpigia daktari bingwa moja kwa moja bila kupitia ngazi tatu na bila kuulizwa kwa ukali kwa nini amemwamsha. Wapo wauguzi vijana wanaokaa na wasiwasi wao hadi asubuhi kwa kuogopa ile simu. Kwa madaktari waliosaini pamoja nasi, ahadi yao ya kwanza ni hii: hatutamgombeza anayetuamsha.

Wazazi nao wameahidi. Hawataficha mafua wala kikohozi ili kulinda foleni. Watakaa kando ya kitanda wakijua cha kutazama, na wakikiona watakuja mezani bila kuomba radhi. Yule mama wa beseni la bluu alikuwa ameona sahihi dakika 40 kabla yangu. Laiti angejua kwamba neno lake lina uzito, angenishika mkono akanivuta.

Kuanzia leo tunaanza na karatasi. Ni nusu ya ukurasa, inafungwa kwa uzi kichwani mwa kitanda mtoto anaporudi kutoka thieta, inabaki hapo hadi anapovaa viatu kwenda nyumbani. Yeyote anaweza kuinakili kwa mkono na kuipeleka kwenye wodi yoyote. Imeandikwa hivi:

Jina: ......
Umri na uzito: ......
Damu yake yote (kilo mara 75): mililita ......
Kundi la damu: ......
Alivyokuwa akilala kabla ya upasuaji: ......
Maradhi mengine: ......
Dawa ya maumivu na saa zake: ......
Mapigo na pumzi, kila saa: ......
Je, anamezameza? ......
Daktari wa kuamshwa na simu yake: ......
Aliye macho kwa ajili yake usiku huu: ......